Kwenda kuhesabiwa

Kila Desemba utani ni uleule. Mtu mwenye jina la Kichaga akiaga kazini, wenzake watamwuliza: "Haya, ndiyo unakwenda kuhesabiwa?" Tanzania nzima inaujua utani huo. Husemwa kwamba huko Kilimanjaro yuko mzee mwenye daftari, na asiyeonekana Krismasi hukatwa jina.

Nimetaniwa hivyo tangu ujana wangu. Kwa miaka kumi hivi nilicheka, nikawatakia wenzangu sikukuu njema, kisha nikabaki Dar es Salaam. Siku hizi nikiulizwa najibu bila kucheka: ndiyo, nakwenda kuhesabiwa. Tena siendi peke yangu. Nakwenda na mke wangu, binti yetu wa miaka kumi, na mdogo wake ambaye bado safari zake nyingi huzifanya mgongoni mwa mama.

Sensa ya 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mimi nilihesabiwa Tabata, Dar es Salaam, na mkoa wa Kilimanjaro ukatangazwa kuwa na watu takriban milioni 1.86, bila mimi. Ndivyo sensa inavyotakiwa kuwa. Serikali inataka kujua umelala wapi ili ijue pa kujenga shule na zahanati. Nyumbani wana swali jingine. Nyama ikigawanywa, fungu lako liwekwe au lisiwekwe?

Makala haya yanahusu fungu hilo: nilivyolipata utotoni, nilivyoliacha, na nilivyorudi kulitafuta pamoja na watu ambao hawakuzaliwa mlimani.

Siku ya kufunga duka

Baba aliuza vifaa vya ujenzi Kariakoo: misumari, bawaba, vitasa, mabati. Mwaka mzima duka lilifungwa Jumapili tu. Ila ikifika Desemba 20, saa sita mchana, Baba aliuteremsha mlango wa chuma, akautia kufuli mbili, na funguo akampa Mama azifunge kwenye ncha ya kanga. Kwangu mimi Krismasi ilianzia kwenye kishindo cha ule mlango.

Nyumbani mizigo ilikuwa tayari: nusu gunia la mchele, sukari, dumu la mafuta ya kula, sabuni za mche, blanketi la Bibi, na begi la nguo za sikukuu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Viatu vilinunuliwa vikubwa kidogo ili vifike Krismasi ya mwaka unaofuata, na vidoleni vilijazwa pamba.

Alfajiri tulikuwa kwenye basi. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Kulia ilituandama milima ya Usambara, kisha ya Upare. Kushoto nyika na mashamba ya mkonge. Same palikuwa na vumbi na jua kali. Himo tulishuka, tukabadili gari, tukaanza kupanda, na kila kona ya barabara ilipunguza joto. Hadi Marangu Mtoni madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Tulipofika kwetu Mamba, jioni, ukungu ulikuwa umekwisha kushuka kwenye migomba, na hewa ilinukia moshi wa kuni na majani mabichi.

Bibi alitupokea kwa namna ambayo nimekuja kuielewa ukubwani. Hakutukalisha. Tukishamwamkia, kabla chai haijachemka, kila mtoto alikuwa ameshapewa kazi yake. Wavulana wakubwa walikwenda kukata majani ya ng'ombe. Wasichana walichota maji kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee wa zamani kuteremsha maji kutoka msituni. Wengine walifagia makaburi, kwa sababu kwetu wafu huzikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, na Bibi hakukubali sikukuu ianze huku majani makavu yakiwa yamemfunika Babu. Mimi niliyekuwa mdogo nilipewa kazi ya kupeleka mafungu.

Mbuzi akishachinjwa, nyama iligawanywa juu ya majani ya mgomba yaliyotandazwa kwenye nyasi. Kila nyumba ya ukoo ilikuwa na fungu lake, na wakubwa walijua nani anastahili sehemu ipi ya mnyama. Bibi alilipitisha jani juu ya moto lilainike lisipasuke, akalifunga fungu, akalikaza kwa kamba ya mgomba, akaniwekea mikononi. Lilikuwa bado vuguvugu. Kisha alinielekeza njia: fuata mfongo, vuka kihamba cha jirani, usikanyage kahawa.

Nikifika, swali lilikuwa moja kila nyumba: "Wewe ni wa nani?" Nilitaja jina la Baba. Mara nyingine halikutosha, nikataja la Babu. Hapo uso wa mwenyeji ulikunjuka, nikapewa ndizi mbivu au kikombe cha maziwa mgando, nikaondoka. Nilirudi kwa Bibi nikiwa na matope hadi magotini na majina ya nyumba kumi na moja kichwani. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini anifundishe ukoo wangu. Niliujua kwa miguu.

Mafungu yote yakishaondoka, lilibaki moja dogo pembeni ya jani. Nyumbani kwetu liliitwa fungu la miguu. Lilikuwa la mtoto aliyeyapeleka mengine.

Kwa nini Desemba, kwa nini mlimani

Wasiotoka huko huuliza kwa nini watu waache nyumba zao mjini, wahangaikie tiketi za msimu, wakabanane kwenye baridi. Jibu limo ndani ya mlima wenyewe.

La kwanza ni kihamba. Kwa karne nyingi watu wa Kilimanjaro wamelima mashamba yaliyopangwa kama ghorofa. Juu kabisa miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga, huku ng'ombe na mbuzi wakitoa samadi bandani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo iliyo urithi wa dunia. Lakini kihamba hakikui. Kwa desturi kitinda mimba wa kiume ndiye anayeirithi nyumba ya wazazi, na wengine hukatiwa vipande. Vipande navyo vikikatwa tena na tena, hufika mahali haviwezi kulisha nyumba. Ndipo kizazi baada ya kizazi vijana wakateremka kutafuta maisha Moshi, Arusha, Dar es Salaam na hata Nairobi.

La pili ni kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wenyewe wakaunda chama cha wapanda kahawa wenyeji mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika ambacho hadi leo watu wanakiita KNCU. Fedha za kahawa zililipia shule, na shule zikawatoa watoto mlimani. Kahawa ileile iliyowafunga wazazi kihambani iliwakatia watoto tiketi ya kuondoka.

La tatu ni kanisa na kalenda ya shule. Katika miaka ya 1890 Wakatoliki na Walutheri kutoka Leipzig walikuwa wameshaweka makao mlimani, na Krismasi ikawa sikukuu kuu ya vijiji. Na kwa kuwa mwaka wetu wa masomo huanza Januari, Desemba ndio mwezi unaoweza kuwakutanisha mwalimu, mwanafunzi na mwenye duka chini ya paa moja. Basi mambo yote mazito ya ukoo yalisogezwa huko: ubatizo, kipaimara, posa, harusi, kikao cha ukoo, na kusuluhisha mipaka ambayo kwetu huwekwa kwa isale, mmea uleule ambao mkosaji huubeba anapokwenda kuomba radhi.

Kwa hiyo utani wa kuhesabiwa umebeba jambo la kweli. Ukoo uliotawanyika unahitaji siku ya kujiona umebaki wangapi.

Miaka niliyosema "mwakani"

Baba alifariki 2008, Mama akamfuata 2012. Tulimlaza ubavuni mwa Baba, chini ya mringaringa. Desemba iliyofuata nilikata tiketi kama kawaida, kisha usiku wa kuamkia safari nikakaa kitandani nikiitazama. Miaka yote nilikuwa nikienda kwa Mama. Sasa nilikuwa nakwenda kwa nani? Asubuhi sikwenda stendi.

Nyumba ya Bibi haikuwa imefungwa. Baba Mdogo, kitinda mimba wake, alikuwa palepale na Mama Mdogo, na kila mwaka wiki ya pili ya Desemba alinipigia simu. "Mwaka huu vipi, mwanangu?" Nilimjibu, "Mwakani, Baba Mdogo." Alisema, "Haya," bila lawama, akanisimulia habari za ng'ombe na mvua. Mazungumzo hayo yalijirudia hadi yakawa ndiyo desturi yangu pekee ya Krismasi.

Mwaka 2022 nilioa. Mke wangu ni Mmatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, na alikuja na binti yake aliyekuwa na miaka saba, ambaye tangu siku ya kwanza ananiita Anko. Krismasi ile tulikaa Tabata. Mke wangu alipika pilau, tukapelekeana sahani na majirani zetu Waislamu kama wao walivyotuletea siku ya Idi, tukafungua televisheni. Ilikuwa siku njema. Alasiri binti, akiwa amejinyoosha mkekani, aliniuliza: "Anko, sisi sikukuu huwa tunafanyaje?"

Sikuwa na jibu. "Huwa" ni neno dogo, lakini huwezi kulisema mwaka wa kwanza. Jambo lazima liwe limerudiwa, likazoeleka, ndipo neno hilo likubali kukaa mbele yake. Mama yake alikuwa na "huwa" zake za Mbinga. Mimi nilikuwa na zangu za Mamba nilizokuwa nimezifungia. Mtoto alikuwa na za nyumba ambayo haikuwapo tena. Sisi watatu kwa pamoja hatukuwa na hata moja. Usiku ule mimi ndiye niliyempigia Baba Mdogo.

Nilipokosea

Desemba 2023 tulipanda mlima, na nilikuwa nimeamua kwamba kila kitu kitakuwa kama zamani. Njia nzima nilisimulia: hapa tulinunua machungwa, pale basi letu liliharibika. Tulipofika niliagiza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama niliyoitamani miaka kumi na moja, nikamwekea binti bakuli tele. Alikula vijiko viwili akasukuma bakuli pembeni. Nilimwamsha gizani akaone kilele cha Kibo kinavyopata rangi jua linapochomoza. Kilikuwa kimefunikwa na wingu, na yeye alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Mke wangu naye alipewa heshima zote za mgeni. Aliwekewa kiti chenye kitambaa sebuleni. Alipoinuka kwenda jikoni alirudishwa kwa upole: "Kaa, mama, pumzika, umetoka mbali." Siku nne alikaa. Binti alishinda dirishani na simu ya mama yake, na usiku wa tatu nilimsikia akilia kwamba anataka kurudi kwao.

Siku ya kuondoka mke wangu aliniambia jambo ambalo nimelibeba tangu hapo. "Umetuleta kuutazama utoto wako," alisema. "Hukutupa kazi ndani yake."

Alisema kweli. Nilikuwa nimekumbuka ladha, harufu na njia, nikasahau kile Bibi alichokifanya kabla ya chai kuchemka. Sisi watoto wa mjini hatukuwa wageni pale kwa sababu hatukupewa nafasi ya kuwa wageni. Mtori niliupenda baadaye, baada ya kubeba majani ya ng'ombe. Nilikuwa nimempa mtoto bakuli bila kumpa mzigo, halafu nikashangaa hana hamu.

Kimea kimoja, vyungu viwili

Mwaka uliofuata nilimpigia Baba Mdogo mapema, Novemba. Sikumwuliza atachinja nini. Nilimwuliza kila mtu wangu atafanya kazi gani. Alicheka kwa furaha, akasema ngoja nimwite Mama yako Mdogo.

Mama Mdogo ndiye mwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Tulipofika Desemba 21 ndizi zake zilikuwa zimeshachemshwa kutwa nzima hadi zikageuka wekundu wa udongo, zikaachwa zichachuke. Kilichobaki kilikuwa mso. Ulezi ulikuwa umelowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa juani, ukasagwa. Unga huo ndio kimea. Kimea hupikwa uji, ndio mso, kisha huunganishwa na maji ya ndizi yaliyochujwa na uchungu wa magome ya msesewe. Kesho yake wazee hukaa chini ya mgomba na kata inazunguka.

Mke wangu aliuchota ule unga, akaunusa, akauonja kwenye ulimi. "Mama, hiki ni kimea," alisema. "Kwetu tunakitia kwenye togwa." Mama Mdogo akamtazama kama mtu aliyemkuta ndugu sokoni. Nyumbani kwao Mbinga, bila togwa watoto hawaamini kwamba sikukuu imefika. Akaomba sufuria, akapika uji wa mahindi, akauacha upoe hadi kidole kiweze kuvumilia, akautia kimea akakoroga. Uji uliokuwa mzito ulilegea mbele ya macho yetu. Kimea huukata wanga wa mahindi ukawa sukari, ndiyo maana togwa huwa tamu bila mtu kuitia sukari. Mama Mdogo alikuwa ametumia kimea maisha yake yote na hakuwahi kukiona kikifanya hivyo kwenye uji wa mahindi. Alimwita shangazi aje aone.

Tangu siku ile hakuna aliyemrudisha mke wangu kwenye kiti chenye kitambaa. Jikoni palikuwa na vyungu viwili, cha wakubwa na cha watoto, vimetoka kwenye gunia moja la ulezi. Mimi nilikuwa nimehangaika jinsi ya kumwingiza mtu wa Mbinga kwenye Krismasi ya Mamba. Kumbe alikuja na yake, na zilikuwa zinajuana.

Mkesha tulisali na mama watoto kwa Wakatoliki wenzake. Asubuhi ya Krismasi tulikwenda usharikani kwetu, ibada ikaisha, na watu wote wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao. Hapo ndipo penye uhai wa kanisa la mlimani. Mkungu wa ndizi unainuliwa juu, bei zinapanda, mtu ananunua jogoo kisha anamrudisha kwa mnadishaji auzwe tena, na sadaka ya bibi asiye na fedha inazaa mara tatu. Binti yetu alikuwa amekuja na mayai sita aliyoyaokota mwenyewe bandani. Mayai yalipotajwa bei alinishika mkono kwa nguvu hadi yaliponunuliwa. Shangazi ndiye aliyeyachukua. Kisha akayarudisha, yakauzwa tena.

Alasiri tulifagia makaburi. Nilimpa binti ufagio mdogo, nikamwonyesha Mama yuko wapi na Baba yuko wapi. Aliuliza: "Bibi huyu angenijua?" Nilimwambia Mama alikuwa hamjui mtoto yeyote mpaka amtume. Akafagia hadi mizizi ya mringaringa ikaonekana.

Wewe ni wa nani?

Desemba 26 asubuhi Baba Mdogo alichinja. Majani ya mgomba yalitandazwa kwenye nyasi, naye akaanza kugawa huku akitaja nyumba kwa sauti, kama alivyofanya Babu na kama alivyofanya baba yake Babu. Nilihesabu mafungu kumi na matatu. Baadhi ya nyumba nilizozijua zilikuwa hazitajwi tena; milango yake imefungwa, watoto wake wako mijini wakisema "mwakani". Niliposimama pale nilielewa kwamba kwa miaka kumi nyumba yangu nayo ilikuwa imesomwa hivyo, kwa kutotajwa.

Baba Mdogo alimwita binti. "Mjukuu wangu, njoo. Kazi hii alikuwa akiifanya huyu Anko wako akiwa mdogo kuliko wewe." Akamkabidhi fungu la kwanza, lililofungwa kwa jani lililolainishwa motoni, akamwelekeza: fuata mfongo, vuka daraja la magogo, nyumba yenye ua wa isale. Mjukuu mwingine wa rika lake alifuatana naye hadi nyumba ya pili. Ya tatu na ya nne alikwenda peke yake.

Mke wangu alisimama mlangoni akimtoa mtoto mgongoni na kumrudisha, macho yake yakiwa njiani. Dakika zilikuwa nyingi. Kisha tulimwona akitoka kwenye migomba, matope hadi magotini, ameshika parachichi kubwa kwa mikono miwili.

"Wamenipa," alisema. "Bibi mmoja hataki kupokea. Ananiuliza, wewe ni wa nani, wewe ni wa nani."

Nilihisi kifua changu kikikaza. Jina langu si jina lake, na la baba yake hakuna anayelijua Mamba. "Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia mimi ni wa kule kwenye mringaringa mkubwa, ambako wanapika togwa. Akasema, ahaa. Akasema aika. Aika ni nini?"

Tulimwambia aika ni asante. Baba Mdogo, aliyekuwa ameyasikia yote, alikuwa bado amechutama mbele ya majani. Hakusema neno. Alichukua kipande kilichobaki, akakigawa, akakiweka peke yake pembeni ya jani. Fungu la miguu.

Kwa anayetaka kuanza

Najua si kila mtu anaweza kusafiri. Njia zimekuwa rahisi kuliko enzi za Baba: treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya karibu robo karne, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Bado safari ya watu wanne kwenda na kurudi ni mzigo, na wako ambao nyumba ya utoto wao imekwisha uzwa, au wanaishi nchi ambayo Desemba ni theluji. Ninachowashauri hakihitaji mlima.

Kwanza, kabla ya kuuliza tulikula nini, jiulize ulikuwa ukifanya nini. Kumbukumbu ya chakula ni tamu, lakini mara nyingi kilichokufanya ujione mwenyeji ni kazi ndogo uliyoaminiwa nayo: kuchambua mchele, kuwasha mkaa, kupeleka sahani kwa jirani, kushika taa wakati kuku anachinjwa. Kazi hiyo mpe mtoto wako wa leo, hasa yule aliyekuja nyumbani kwako akiwa tayari na miaka yake.

Pili, mwenzako naye alikuwa mtoto. Mwulize kwao sikukuu ilinukiaje, kisha mwachie jiko, meko au meza. Usimkaribishe kwenye desturi zako kama mgeni wa heshima. Heshima hiyo humweka mtu pembeni. Huenda mkakuta, kama sisi, kwamba gunia ni moja.

Tatu, mpigie simu mkubwa aliyebaki, mwaka huu. Mwombe akueleze hatua kwa hatua, na uandike. Mbege ya Mama Mdogo haimo katika kitabu chochote ninachokijua. Imo mikononi mwake, na mikono hiyo ina miaka sabini na minne.

Mwisho, vumilia mwaka wa kwanza na wa pili. Desturi ikiwa mpya huonekana kama maigizo, na watoto hulijua igizo haraka. Rudia. Anza na jambo moja dogo unaloweza kulirudia hata mwaka ambao fedha hakuna.

Oktoba hii, jioni moja, binti yetu alikuwa mezani akifanya hesabu alizopewa shuleni. Mdogo wake alikuwa sakafuni akivunja kila alichokishika, mama yao akikaanga samaki. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Alinyanyua kichwa, kalamu mdomoni, akaniuliza kama mtu anayeuliza jambo analolijua ila limempotea kidogo:

"Anko, vile huwa tunaondoka tarehe ngapi?"

Mama yake aligeuka kutoka jikoni, tukatazamana.

"Ishirini," nilimjibu. "Huwa tunaondoka tarehe ishirini."

Akaandika pembeni ya daftari, akaendelea na hesabu zake.